Chembe Nzito za Mfumuko wa Ulimwengu: Suala la Istilahi kwa Shule za Arua na Koboko

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Arua kwenye Kilugbara, na Koboko kwenye Kikakwa, karibu na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini, Kiswahili kimezoeleka kama lugha ya biashara na ya jeshi. Makala haya yanaonyesha, kwa mfano wa fizikia, jinsi neno lililozoeleka sokoni linavyoweza kumpotosha mwanafunzi darasani.

Neno la kwanza ni mfumuko. Sokoni, mfumuko ni wa bei, nao huendelea kwa miezi. Katika nadharia aliyoichapisha Alan Guth mwaka 1981, kilichotanuka ni nafasi yenyewe, ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde.

Neno la pili ni nzito. Fizikia hutenganisha uzito na tungamo, na chembe hizi huitwa nzito kwa sababu ya tungamo lake. Nishati ya mfumuko huenda ilizidi mara mabilioni ile ya mtambo wa kugonganisha chembe ulio karibu na Geneva. Hivyo ingeweza kuzalisha chembe zisizoweza kuzalishwa maabarani.

Neno la tatu, kunasa, ndilo lenye utata zaidi. Chembe hizo zilioza mara moja, kwa hiyo kinachotafutwa ni alama yake. Kabla ya kutoweka, zingeathiri mtawanyiko wa maada, na athari hiyo ingebaki katika mnururisho wa kale uliotangazwa na Penzias na Wilson mwaka 1965. Halijoto ya mnururisho huo hutofautiana kwa takriban sehemu moja kati ya 100,000. Watafiti hulinganisha tofauti hizo katika nukta tatu tatu za anga. Uhusiano wake ukipanda na kushuka kama wimbi kadiri umbo la pembetatu linavyobadilika, marudio ya wimbi hudokeza tungamo la chembe. Arkani-Hamed na Maldacena waliifafanua njia hii mwaka 2015. Vipimo vya setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, havijathibitisha alama hiyo.

Inapendekezwa, basi, kuandika mfumuko wa ulimwengu kwa ukamilifu, chembe zenye tungamo kubwa, na kubaini alama badala ya kunasa chembe. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ni msingi mwema, lakini ilitangulia matokeo haya. Sera ikimpeleka mwalimu wa Kiswahili Koboko bila orodha ya istilahi iliyohuishwa, somo la sayansi litaendelea kufundishwa kwa Kiingereza.