Kukodi Kompyuta za Mbali kwa Utafiti wa Usemi wa Kiswahili: Mfano wa Butimba, Mwanza

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mwanafunzi wa uzamili wa isimu anavyoweza kukodi uwezo wa kompyuta za mbali ili kufunza modeli ya kutambua usemi wa Kiswahili. Inabainisha kwamba uamuzi mgumu si wa kuchagua mashine, bali wa kupima data na kulinda sauti za wazungumzaji kabla mashine haijawashwa.

1.0 Utangulizi

Butimba ni kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, na inafahamika kwa chuo chake cha ualimu. Katika mwambao huu wa Ziwa Victoria, Kiswahili cha wavuvi na wachuuzi wa samaki hutumika sambamba na Kisukuma, lugha ya toni yenye irabu saba. Kiswahili Sanifu, kwa upande wake, kina irabu tano na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Aidha, mazungumzo ya kazini hubeba msamiati kama vile sangara, furu, kokoro na karabai. Modeli iliyozoea sauti za watu wanaosoma maandishi inaweza kukosea inapokutana na usemi wa namna hii. Kwa hiyo, mtafiti anayetaka kunukuu saa nyingi za mazungumzo hayo hulazimika kuifunza modeli hiyo zaidi kwa data yake mwenyewe.

2.0 Ukubwa wa Kazi

Modeli kubwa ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ina vigezo takribani bilioni 1.55. Katika ufunzaji wa kawaida, kila kigezo huhitaji baiti 16 hivi: 4 za thamani yake, 4 za mwelekeo wa masahihisho na 8 za kumbukumbu ya masahihisho yaliyotangulia. Jumla ni takribani gigabaiti 25, kabla sauti yenyewe haijaingizwa. Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 haiwezi kuubeba mzigo huo. Toleo dogo lenye vigezo milioni 244 huhitaji takribani gigabaiti 4 kwa hesabu hiyohiyo. Ni busara basi kuanza na toleo dogo, kisha kukodi mashine kubwa iwapo tu makosa yanayobaki yanaathiri swali la utafiti.

3.0 Utaratibu wa Kukodi

Mkodishaji humiliki seva zenye vichakataji michoro, yaani vifaa vinavyofanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi huziendesha kwa njia ya intaneti na kutozwa kwa muda ambao mashine imewashwa, hata kama haifanyi kazi yoyote. Hifadhi ya data hutozwa peke yake.

Mpangilio wa hatua ndio unaookoa fedha. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 16,000 kwa sekunde, biti 16 na mkondo mmoja, ni megabaiti 115 hivi. Saa 100 ni gigabaiti 11.5. Kwa mtandao unaopakia megabiti 5 kwa sekunde, upakiaji huchukua zaidi ya saa 5. Anayewasha mashine kwanza ndipo aanze kupakia hulipia saa hizo bure. Inafaa data itangulie kwenye hifadhi, programu ijaribiwe kwa dakika chache za sauti, kisha mashine iwashwe. Vilevile, modeli ihifadhiwe kila baada ya hatua kadhaa, ili hitilafu isilazimishe kazi kuanza upya.

4.0 Dhamana ya Sauti

Mvuvi anaposimulia kazi yake anaweza kutaja kokoro, zana iliyopigwa marufuku. Katika matini, jina lake linaweza kubadilishwa; katika rekodi, sauti yenyewe humtambulisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya Tanzania. Microsoft, Amazon na Google zina vituo vya data Afrika Kusini. Hata hivyo, kuchagua kituo cha huko badala ya Ulaya bado ni kuivusha sauti mpaka.

Kwa msingi huo, fomu ya ridhaa inayosema tu kwamba data "itahifadhiwa kwa usalama" haitoshi. Mzungumzaji aelezwe kwa lugha anayoielewa sauti yake itapelekwa wapi, itakaa kwa muda gani na nani ataifuta. Vipande vinavyoweza kumdhuru viondolewe kabla ya kupakiwa.

5.0 Hitimisho

Kukodi kompyuta ya mbali kunaweza kumpa mwanafunzi wa Butimba uwezo ambao chuo chake hakina. Hata hivyo, mashine huzimwa na malipo hukoma, ilhali sauti iliyokwisha kuvuka mpaka hairudishwi kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, msimamizi wa tasnifu anapaswa kukagua ridhaa na mpango wa data kabla ya kuidhinisha bajeti.