Joto la Nyumbani (2): AC ya Magurudumu na Bomba Lake

Wiki iliyopita tuliona kwa nini nyumba nyingi za Mwanza zina joto kuliko hewa iliyo nje yake. Jiji liko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida hauzidi sana nyuzi 28 au 29, hali ambayo mkazi wa Dar es Salaam angeishukuru. Kinachotutesa ni bati lisilo na dari, ukuta uliopigwa na jua tangu asubuhi na, kwa waliojenga milimani Mabatini, Igogo au Bugarika, yale mawe makubwa yanayoendelea kutoa joto hata jua likishazama. Leo tuiangalie dawa ambayo watu huanza kuiulizia joto la Septemba na Oktoba linapopamba moto: AC ya magurudumu, ile isiyohitaji kutoboa ukuta.

Sababu ya kuitaka inaeleweka. Mpangaji ameshalipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya fundi na nyundo, na mkataba ukiisha mtu hupenda kuhama na mali yake. Shida huanza mashine ikishafika chumbani.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hubeba joto kutoka upande mmoja na kulitua upande wa pili, na kazi hiyo ya kubeba nayo huzalisha joto. Gesi iliyomo hunyonya joto la chumba inapopita kwenye koili ya ndani, kompresa huibana mpaka ikapata moto mkali, kisha koili ya pili huliachia joto hilo kwenye hewa inayosukumwa nje kwa bomba. Ukiiwasha bomba likiwa limebaki humo humo ndani, baada ya saa moja chumba kitakuwa na joto kuliko ulivyokikuta. Kwa hiyo dukani usianze na bei wala rimoti. Uliza kwanza: joto linatokea wapi?

Muuzaji akikujibu, "Mzee, hii ni ya kisasa, haina bomba, unatia maji na barafu tu," ujue anakuuzia feni yenye tangi la maji. Sisemi haifai. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto, kama yanavyofanya kwenye mtungi wa udongo, ila lazima hewa iwe na nafasi ya kuupokea mvuke huo. Mchana wa Julai hapa Mwanza, hewa ikiwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 45, maji yanaweza kuishusha hadi karibu na nyuzi 20, huo ukiwa ndio mwisho wake hata kwa mashine nzuri. Dar es Salaam, kwenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, mwisho ni karibu nyuzi 27. Feni ya maji basi ina haki zaidi ya kuuzwa kwetu kuliko pwani, mradi bei iwe ya feni na dirisha liachwe wazi. Ukijifungia nayo, chumba kinajaa unyevu na jasho halikauki. Mvua za Machi na Aprili zikishika, irudishe stoo.

Barafu nayo isikudanganye. Sisi tunaijua barafu kuliko Watanzania wengi, kwa sababu maboti yanayokusanya sangara visiwani huondoka yamepakia barafu. Kilo moja ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto. Kilo 5 kwenye tangi la feni ni sawa na kazi ya dakika kumi hivi ya kiyoyozi cha BTU 9,000. Hata ile "tani moja" ya mafundi wa AC, yaani BTU 12,000 kwa saa, ilitokana na barafu: ni joto la kuyeyusha tani moja ya Kimarekani, kilo 907, kwa saa 24. Ungehitaji boti nzima barazani.

Sasa tuchukulie umenunua yenye bomba. Nyingi zina bomba moja, na hapo ndipo penye kasoro yake kubwa. Hewa inayopitia kwenye koili ya moto huchotwa chumbani, na inaweza kufika mita za ujazo 300 kwa saa au zaidi. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.7, kina mita za ujazo 32 tu. Kila baada ya dakika sita au saba, hewa ya kiasi cha chumba kizima imetupwa nje, na pengo lake lazima lizibwe. Linazibwa na hewa ya chini ya mlango, ya kwenye nafasi za vioo vya luva, na mbaya zaidi, ya darini, iliyochemka chini ya bati. Marekani waliliona hilo, na siku hizi mashine hizi huandikwa namba mbili: ile ya zamani, na nyingine ndogo iliyokwisha kutolewa hasara hiyo. Ya BTU 14,000 inaweza kusomeka 10,000 au hata chini yake. Ukikuta namba moja peke yake kwenye boksi, ichukulie kuwa ndiyo ile kubwa. Zenye mabomba mawili, moja likivuta hewa ya nje na jingine likiitoa, zina bei zaidi lakini haziivuti hewa ya chumbani.

Mvuto huo una hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Jiko la mkaa likiwa linawaka koridoni, au jenereta barazani, hewa inayopenya chini ya mlango huja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hana cha kumwamsha. Nyumba inayopikia mkaa ndani isiwashe mashine hii kabisa.

Kufunga bomba ni kazi ndogo. Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni linapokea ule ubao wa plastiki unaokuja na mashine. La luva ni rahisi kuliko linavyoonekana: toa vioo viwili vitatu vya chini, seremala akukatie plaiwudi yenye tundu la bomba, kisha ziba kingo. Nondo haziathiri kitu. Wavu wa mbu ukate mbele ya tundu pekee, kwa maana wavu uliojaa vumbi huirudisha hewa ya moto. Bomba liwe fupi, lisiongezwe urefu. Chujio lioshwe mara kwa mara, hasa wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi wanapovamia.

Kabla ya hayo yote, tazama juu. Jua la saa saba mchana hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Bati lililo juu ya chumba chetu cha mita 12 za mraba linapokea wati 12,000. Hata moja ya tano ikipenya, ni wati 2,400, na kiyoyozi cha BTU 9,000 huondoa 2,600 kikiwa katika hali yake bora kabisa. Bila dari, mashine itanguruma mchana kutwa bila kusogea mbele.

Halafu LUKU. Mashine ya ukubwa huo hula karibu uniti moja kwa saa kompresa ikizunguka. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo pamoja na VAT na tozo huwa 122, akiwa hazidishi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida hulipa 292, yaani 356 na ushee. Saa sita kwa siku ni uniti 180 kwa mwezi, kiasi cha shilingi 64,000, na zile uniti 75 zitakuwa zimekwisha siku ya kumi na tatu. Wengi watalalamika kwamba mita imeharibika. Pangaboi la wati 70 kwa saa hizo hizo ni uniti 13, chini ya shilingi 2,000 kwa bei ya mteja mdogo.

Plagi yake ichomekwe ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu itayeyuka. Mashine iliyosafirishwa kutoka Dar ikiwa imelazwa isimamishwe usiku kucha kabla ya kuwashwa, mafuta ya kompresa yashuke.

Mimi ningemshauri ainunue mwenye mgonjwa asiyestahimili joto, au mwenye chumba kidogo cha dawa ambacho lazima kibaki chini ya nyuzi 25, na chumba chenyewe kiwe na dari. Kwa usingizi wa kawaida siioni faida. Saa kumi usiku nje kuna nyuzi 18 au 19, na upepo unashuka kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Dirisha lenye wavu mzima na nondo imara, pamoja na pangaboi, huingiza ubaridi huo bila LUKU kushtuka.

Wiki ijayo: AC ya ukutani, gesi yake, na maswali ya kumuuliza fundi kabla hajapanda ngazi.