2021: Mwaka Ulioondoka na Watu Wazito

Hapa Katoro, mkoani Geita, ukiutaja mwaka 2021, jina la kwanza kutajwa ni la John Pombe Magufuli. Ni haki yake. Alizaliwa Chato mwaka 1959, akafundisha kemia na hisabati Sengerema, akawa mbunge, Waziri wa Ujenzi, kisha Rais. Alifariki Machi 17 na akazikwa kwao Chato Machi 26. Lakini mimi, mama ninayeshinda karashani, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nikishika daftari la wachimbaji wadogo, naona msiba ule uliyafunika makaburi mengine ya mwaka uleule. Wote hao walituachia kitu.

Nianze na Magufuli. Zamani mchimbaji akitoka duarani, yaani shimoni, na gramu zake alimfuata broka mwenye mizani yake na bei yake. Wakati wa urais wake, Februari 2019, Bunge liliwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5; ukabaki mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mwezi uliofuata soko la dhahabu likafunguliwa Geita mjini. Sasa kijana anapima mbele ya ofisa na kuondoka na risiti. Kwa wakubwa nako, makinikia, yaani mchanga wenye madini, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yalizuiwa kusafirishwa nje mwaka 2017, na mvutano kati ya Serikali na wenye migodi ukaishia kwenye kampuni ya ubia ya Twiga, ambamo Serikali ina asilimia 16.

Februari 2021, kabla ya msiba wa Magufuli, tulipata pigo mara mbili kwa siku moja. Tarehe 17 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Maalim Seif, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, aliongoza upinzani kwa miaka mingi, na bado mara mbili alikubali kuingia katika serikali ya umoja wa kitaifa na wale alioshindana nao. Huo ni ushujaa wa kufundishwa shuleni.

Siku tano baadaye akaondoka Profesa Benno Ndulu, Gavana wa Benki Kuu tangu 2008 hadi 2018. Wengi hapa hawamjui, ila matunda ya kazi yake yamo mifukoni mwao. Huduma za pesa kwa simu zilienea nchini wakati wa uongozi wake. Mchimbaji wa Nyarugusu akiuza leo, mama yake kijijini anapokea leo, bila mtu kupanda basi na noti kiunoni.

Julai 22 alifariki Anna Mghwira, mwanamke pekee kati ya wagombea 8 wa urais mwaka 2015, baadaye Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Kwa sisi wanawake tunaotafuta riziki katikati ya wanaume, kuliona jina lake kwenye karatasi ile ya kura kulitosha kutupa nguvu.

Agosti 2 msiba ukarudi jirani. Elias Kwandikwa, mbunge wa Ushetu, Kahama, aliyekuwa Naibu Waziri wa Ujenzi kabla ya kuwa Waziri wa Ulinzi, aliaga dunia. Nafasi yake ikashikwa na Dkt. Stergomena Tax, mwanamke wa kwanza kuiongoza wizara hiyo.

Rais, mwanasiasa wa upinzani, mtumishi wa umma, mchumi, mwanamke jasiri, mbunge wa jirani: nchi haijengwi na mmoja. Waliowajua watu hawa wangali hai Chato, Ushetu na Mtambwe. Walimu, wapeni wanafunzi kazi ya kuwauliza na kuandika wanayosikia. Wazazi, simulieni nyumbani. Tusipoandika sisi, wajukuu watalijua jina moja tu.