Mgombea Aliye Nyuma: Amejitoa, Ameenguliwa au Angali Akitazamiwa?

Miongoni mwa matini fupi zinazowapa taabu wafasiri wetu ni habari za uteuzi wa wagombea katika vyama vya nchi za nje, hususan Marekani. Habari hizo hueleza kwamba mgombea fulani, ambaye ameachwa nyuma katika shindano la kuteuliwa na chama chake, anatazamiwa kutoka shindanoni wakati wowote. Sentensi ya namna hiyo yaonekana kuwa nyepesi, lakini imebeba mambo manne kwa pamoja: kwamba mtu huyo yu nyuma, kwamba shindano lenyewe ni la ndani ya chama, wala si uchaguzi mkuu, kwamba atakayemtoa ni yeye mwenyewe, na kwamba bado hajatoka. Mfasiri akiliteleza mojawapo, habari yote imegeuka.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kinyume chake, maneno ni mengi, na kila moja limekwisha pata kazi yake katika siasa zetu wenyewe. Ndiyo maana katika kuyapima tumependelea kumweka mbele yetu msomaji wa kata ya Mahongole, katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe: mtendaji wa kata, tuseme, au mwalimu anayewafundisha watoto somo la uraia. Hatukumchagua kwa kuwa hajui mambo. Tumemchagua kwa kuwa anayajua sana. Amekwisha shuhudia uteuzi wa madiwani na wabunge mara nyingi, na neno lililochaguliwa vibaya halitamshinda kulielewa. Atalielewa, ila atalielewa kuwa jambo jingine. Neno geni humfanya mtu aulize, bali neno alilolizoea humfanya apite akiamini kwamba amekwisha elewa.

Tuanze na kura za maoni, maana hapo ndipo penye matata makubwa kuliko pengine pote. Kwa msomaji wetu wa Mahongole, kura za maoni ni zile kura zinazopigwa na wanachama au wajumbe wa chama ili kumpata atakayependekezwa kusimama kwa tiketi ya chama hicho. Mwaka 2010, katika jimbo la Njombe Kaskazini, Marehemu Jackson Makwetta, aliyekuwa mbunge wa huko kwa miaka mingi, aliangushwa na Ndugu Deo Sanga katika kura za maoni za Chama cha Mapinduzi. (Wasomaji wetu watamkumbuka Marehemu Makwetta kwa jambo jingine pia: ndiye aliyeiongoza Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, iliyopendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari, pendekezo ambalo Serikali haikulitekeleza.) Kwa hiyo mtu akiambiwa huko kwamba fulani “ameshindwa katika kura za maoni”, anajua kuwa safari ya huyo imekwisha.

Sasa utazame mwaka huo huo kutoka Zanzibar. Tarehe 31 Julai, 2010, Wazanzibari walipiga kura ya maoni kuhusu kuundwa kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hiyo haikuwa kura ya kumteua mtu. Ilikuwa ni wananchi kuulizwa jambo na kujibu ndiyo au hapana. Hali kadhalika, Katiba Inayopendekezwa ilikuwa ipigiwe kura ya maoni tarehe 30 Aprili, 2015, kabla ya zoezi hilo kuahirishwa. Na miezi michache baadaye vyama vikaingia katika kura za maoni zao. Tofauti pekee iliyobaki ni ile ya umoja na wingi, kura ya na kura za, tofauti ambayo redioni humpita msikilizaji asiitambue.

Juu ya hayo, waandishi wa habari, wa Kenya na wa kwetu pia, hutumia kura ya maoni kwa maana ya tatu: uchunguzi wa watu wachache waliochaguliwa na kuulizwa wangempigia nani kura kama uchaguzi ungefanyika leo. Hapo ndipo linapozuka kosa tunalolisema. Matini ya kigeni inasema mgombea yu nyuma katika uchunguzi wa namna hiyo. Mfasiri anaandika “yu nyuma katika kura za maoni”. Na msomaji wa Mahongole anafahamu kwamba wanachama wamekwisha piga kura wakamkataa. Mtu ambaye hajapigiwa hata kura moja amekwisha angushwa kwa kalamu ya mfasiri. Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba maana hii ya tatu iondolewe kabisa katika neno kura. Hakuna kura iliyopigwa. Utafiti wa maoni unatosha, na watafiti wengi wa hapa nchini wanalitumia tayari. Kwa kura ya wananchi wote kuhusu jambo moja, kura ya maoni ibaki, kwa kuwa imo katika sheria. Kwa uteuzi wa vyama vyetu, kura za maoni nayo ibaki, kwa kuwa hakuna atakayeweza kuiondoa vinywani mwa watu. Lakini kwa vyama vya nje tungependa kufuata desturi ya Kenya ya kusema kura za mchujo, maana mchujo unaonyesha wazi kwamba wengi wanaingia na mmoja anabaki.

Kuhusu kinyang'anyiro hatuna mengi ya kusema. Neno hili limetokana na kunyang'anya, na magazeti yanalipenda kwa sababu lina kelele. Katika barua ya Serikali au kitabu cha shule, shindano la uteuzi linatosha.

Kuwa nyuma nako kuna daraja zake. Tumekuta mara kwa mara mgombea aliye nyuma akiitwa “anayeshika mkia” au “anayeburuta mkia”. Lugha hii imetoka katika ligi ya mpira, na huko maana yake ni dhahiri: timu ya mwisho kabisa. Lakini mwaka 2008, katika chama cha Democratic cha Marekani, Hillary Clinton alikuwa nyuma ya Barack Obama kwa hesabu ya wajumbe, hali kila mmoja wao alipata kura zipatazo milioni 18. Mtu wa pili katika mashindano ya wawili, tena kwa tofauti ndogo kama hiyo, hawezi kusemwa kuwa anashika mkia, ijapokuwa kwa hesabu ya darasani yeye ndiye wa mwisho. Aliye nyuma ni msemo usiomwonea mtu. Matini ikitaja idadi, itajwe: yu nyuma kwa wajumbe kadhaa.

Sasa tufike kwenye kitenzi chenyewe. Wafasiri hutumia kujitoa, kujiondoa, kujiengua, kujiuzulu, kung'atuka, kuachia ngazi na kubwaga manyanga kana kwamba yote ni mamoja. Sivyo. Kujiuzulu kunamhusu mwenye cheo: Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 2015, kwa kuwa alikuwa nao. Mgombea hana cheo bado. Anachokiacha ni ombi. Kung'atuka, neno ambalo Mwalimu Nyerere alilichukua kutoka Kizanaki na kulieneza alipouacha urais mwaka 1985, linamfaa mtu aliyekaa muda mrefu akampisha mwingine kwa heshima. Kumvika mgombea aliyeishiwa kura ni kulipunguzia neno hilo hadhi yake. Kubwaga manyanga ni picha ya mganga anayeziacha zana zake, nayo ni nzuri katika tahariri, lakini inamhukumu mtu kwamba ameshindwa.

Engua lataka uangalifu zaidi. Maana yake ya asili ni kuondoa kitu kilichoelea juu, kama vile povu la chungu kinachochemka. Anayeengua ni mpishi; povu halijiengui. Katika siasa zetu neno hili limeshika maana ya mamlaka kumwondoa mgombea kwa kasoro za fomu au sifa, na lilisikika mno wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wagombea wengi wa vyama vya upinzani walipoenguliwa na vyama vyao vikatangaza kujitoa. Katika habari ile ile moja tunaviona vitenzi viwili vikifanya kazi mbili tofauti, wala hakuna aliyevichanganya: wameenguliwa na msimamizi, wamejitoa wenyewe. (Wengine walisema wamesusia. Hilo pia ni sawa, maana kususia ni kujitoa pamoja na kunung'unika.) Kujiengua, basi, ni neno linalomweka mtu kuwa mpishi na povu kwa wakati mmoja. Tumelisikia, lakini hatulipendekezi.

Yafaa pia kulitenga jambo la jina kukatwa. Mwaka 2015 wanachama 42 wa CCM walichukua fomu za kuomba kuteuliwa kugombea urais, na 38 wakazirudisha. Vikao vya Dodoma vikabakiza majina matano, kisha matatu, na mwishowe Mkutano Mkuu ukamteua Dakta John Magufuli. Ndugu Edward Lowassa hakuwamo katika yale matano. Hakujitoa, wala hakushindwa kwa kura za Mkutano Mkuu. Jina lake lilikatwa, naye akahamia CHADEMA mwishoni mwa Julai. Wale wanne ambao hawakurudisha fomu nao hawana neno moja la kuwaeleza. Kusema tu kwamba hawakurudisha fomu ni kusema kweli bila kuwasingizia sababu.

Mifano hii inaonyesha pia kwa nini istilahi zetu zimepungua mahali fulani. Uteuzi wetu wa urais huamuliwa kwa siku chache chini ya paa moja. Mwaka 1995, katika duru ya kwanza ya kura za Mkutano Mkuu wa CCM, Ndugu Jakaya Kikwete aliongoza, Ndugu Benjamin Mkapa akawa wa pili na Ndugu Cleopa Msuya wa tatu. Wa tatu akatoka kwa mujibu wa utaratibu, na katika duru ya pili Ndugu Mkapa akashinda. Hapakuwa na nafasi ya mtu kusubiriwa ajitoe. Enzi za chama kimoja nafasi hiyo ilikuwa finyu zaidi: kuanzia mwaka 1965 chama kiliwasimamisha wagombea wawili katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na waliosalia hawakuteuliwa, basi. Huko Marekani kura za mchujo hupigwa jimbo baada ya jimbo kwa miezi kadhaa, na aliye nyuma huweza kuendelea hata pale hesabu zilipokwisha kumkataa. Muda huo mrefu wa kungoja ndio usio na jina kwetu.

Tena huko kuna kitendo ambacho si kujitoa kamili. Tarehe 8 Aprili, 2020, Bernie Sanders alitangaza kwamba anaacha kampeni, lakini jina lake libaki katika karatasi za kura za majimbo yaliyosalia ili aendelee kupata wajumbe. Kuandika “amejitoa” ni kuikosa nusu ya habari. Baadhi ya magazeti yaliandika amesimamisha kampeni. Hapa pana mtego. Katika lugha ya uchaguzi kusimama ni kugombea, na kusimamisha ni kumtoa mtu agombee. Chama kimemsimamisha mgombea. Mgombea amesimamisha kampeni: kitenzi kimoja kinaanzisha na kukomesha. Kuahirisha nako hakufai, kwa kuwa kunaahidi tarehe nyingine. Tunapendekeza kusitisha kampeni, kwa mfano wa kusitisha mapigano, ambako silaha zimenyamaza lakini majeshi hayajavunjwa.

Kwamba tofauti hii si ya Wamarekani peke yao, wasomaji watakumbuka Oktoba 2020. Viongozi wa juu wa ACT-Wazalendo walitangaza kumuunga mkono Ndugu Tundu Lissu wa CHADEMA, ilhali chama chao kilikuwa na mgombea wake wa urais, Marehemu Bernard Membe. Yeye akasema kwamba angali mgombea. Jina lake lilibaki katika karatasi ya kura ya tarehe 28 Oktoba, naye akapata kura zisizofikia asilimia 1. Aliyeandika wakati ule kwamba Membe “amejitoa” alikosea. Na aliyeandika “ameenguliwa” alikosea zaidi. Chama kilikuwa kimemwachia mwingine uungaji mkono wake, basi. Kuachia na kuachiana, maneno yaliyozoeleka mwaka 2015 vyama vya UKAWA vilipoachiana majimbo, yanakieleza kitendo hicho vizuri, na yana faida ya kuonyesha kwamba yupo anayepokea.

Limebaki neno la kutazamia. Wengi siku hizi huandika “anategemewa kujitoa”. Kutegemea ni kuegemea kitu, kama mlemavu anavyoitegemea fimbo. Hakuna anayeegemea kujitoa kwa mtu. Anatarajiwa ni bora, ingawa asili yake ya Kiarabu ina harufu ya tumaini, na msomaji makini aweza kuuliza ni nani anayetumaini. Anatazamiwa halina upande. Hata hivyo kutendwa huku kunamficha mtazamaji. Matini ikimtaja, mfasiri asimfiche: “wasaidizi wake wanatazamia atajitoa” ni habari nzito kuliko “wapinzani wake wanatazamia atajitoa”. Matini isipomtaja, mfasiri asimbuni, wala asikimbilie huenda akajitoa, maana huenda ni shaka ya mwandishi mwenyewe, na shaka hiyo pengine haimo katika matini ya asili.

Sentensi tuliyoanza nayo, basi, twaweza kuiandika hivi: “Mgombea huyo, aliye nyuma kwa idadi ya wajumbe katika kura za mchujo za chama chake, anatazamiwa na wasaidizi wake kusitisha kampeni.” Ni ndefu kwa kichwa cha habari. Kwa kichwa cha habari tumejaribu Atazamiwa kujitoa, na hatujapata fupi kuliko hiyo isiyomtoa mtu kabla ya wakati wake. Wasomaji wenye pendekezo jingine, hasa walio karibu na vyumba vya habari, wanakaribishwa kutuandikia.