Mume Wangu, Mtumbwi na Siri ya Miaka Sita

Wazo la kwanza lilikuwa boti ya kasi. Si unazijua zile zinazokata kona hadi ubavu mmoja unanyanyuka juu ya maji, dereva kavaa kofia ngumu, na watu ufukweni wanapiga miluzi? Nilitaka kuwaandikia kuhusu wikiendi ya wapendanao kwenye klabu ya michezo ya majini. Hapa kwetu klabu za namna hiyo si nyingi. Ipo Dar es Salaam Yacht Club pale Msasani, ambako boti za tanga ndiyo mambo yote, na ipo Mwanza Yacht Club pale Capri Point, ziwani kabisa. Mwenzenu nilishaanza kupiga hesabu za nauli ya Mwanza.

Baba Neema akagoma. Mara Mwanza mbali, mara kazi nyingi. Mwisho akaja na lake: "Binamu yako si anaoa Ifakara? Twende huko. Mto Kilombero upo, na daraja lipo, tutayaangalia maji tukiwa juu."

Hilo neno "juu" lilinipita. Ningelisikia vizuri siku ile, ningejua mengi.

Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 400, unakata kushoto Mikumi, unapita Kidatu na mashamba ya miwa, halafu bonde linafunguka mbele yako. Ifakara ni mji wa baiskeli na mchele. Wali wa harusini ulinukia hadi barabarani, na sitasema nilirudia sahani ngapi. Harusi ilifana, hiyo inatosha.

Jumapili asubuhi wajomba wakatupeleka kivukoni. Siku hizi kuna Daraja la Magufuli, mita 384, lililozinduliwa Mei 2018, na gari linavuka kwenda Lupiro na Mahenge bila kusubiri mtu. Zamani ilikuwa kivuko. Mama mdogo hajasahau Januari 2016, kivuko kilipozama hapo hapo. Akipita darajani hadi leo, ananyamaza mpaka afike ng'ambo.

Chini ya daraja tukamkuta mzee mmoja Mndamba na mtumbwi wake wa gogo moja. Wandamba na mto huu ni ndugu. Uvuvi wanauanza utotoni. Tukamwamkia, akaitikia, tukapatana bei ya kwenda kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto na kurudi.

"Mzee, majaketi okozi yako wapi?" nikauliza.

"Mama, hapa sisi tunavaa mashati."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hapo ndipo nilipokosea, nakiri. Kwenye mashindano ya boti za kasi, dereva mwenye uzoefu wa miaka mingi haingii majini bila jaketi. Katika boti nyingi anafungwa kamba fupi inayomuunganisha na swichi ya injini, ili akirushwa nje injini izime yenyewe isije ikamgeukia. Mimi, mhariri wa mjini mwenye digrii, nikapanda na kitenge.

Baba Neema alipanda wa mwisho, maana wajomba walikuwa wanamtazama.

Ilikuwa Agosti, maji yamepungua, kingo zimejaa viota vya minana. Yupo mnana wa Kilombero, aliyetambulishwa na wanasayansi mwaka 1990, haishi popote duniani isipokuwa bonde hili. Tangu 2002 ardhioevu hii imo kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar. Nilikuwa namweleza mume wangu hayo yote, nashangaa mbona hajibu.

Kiboko akaibuka. Hakuwa karibu sana, lakini masikio na pua vilionekana waziwazi. Baba Neema akanyanyuka, akanikamata mabega kwa nguvu zote. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia.

"Kaa chini, mwanangu!" mzee akafoka. "Usimshike mwenzio, shika mtumbwi!"

Akakaa. Mzee akaupeleka mtumbwi kando kwa upondo, taratibu, bila kelele, hadi tukagusa mchanga. Mume wangu alikuwa anatetemeka mikono.

"Sijui kuogelea," akasema.

Miaka sita ya ndoa, jamani. Fungate Zanzibar alilinda simu. Kila tukienda ufukweni, yeye ni mlinzi wa mabegi. Nilikuwa naona ni ustaarabu. Kisha nikakumbuka Desemba Kigamboni, nikahisi baridi kifuani. Nilikwenda kununua chipsi nikamwacha na Neema, ana miaka minne, anacheza kwenye mawimbi. Nilimuuliza, "Utamwangalia?" Akasema, "Wewe nenda."

"Angezama ungefanya nini?"

"Ningeingia."

"Halafu?"

Kimya. Baadaye akasema, "Mimi nimekulia Singida. Ningekwambiaje, mwanaume mzima?"

Sikumjibu vizuri, na maneno yale sitayaandika hapa. Mzee aligeuka akajifanya anatengeneza nyavu zake. Tulikaa pale kama nusu saa, kila mtu na upande wake wa kisiwa, na njia ya kurudi ilikuwa ni ule ule mtumbwi. Safari hiyo Baba Neema alikaa chini kabisa, miguu kwenye maji yaliyoingia, ameshika kingo mbili. Mimi nilikaa nyuma yake. Katikati ya mto nikaweka mkono mgongoni kwake, akaniambia bila kugeuka, "Shika mtumbwi."

Majaketi matatu tumenunua, dogo ni la Neema. Na kila Jumamosi saa moja asubuhi tupo kwenye bwawa la hoteli moja hapa Dar. Darasa lina watoto wanane na baba mmoja. Anaelea chali sasa, Neema yuko ukingoni anamhesabia kwa sauti. Jumamosi iliyopita alifika kumi na nne kabla hajashika ukuta.