SOKO LA MITAMBO YA PICHA ZA TIBA: FUNZO KUTOKA KENYA

Risasi inapozama mwilini, au mfupa wa paja unapovunjika katika ajali, daktari hawezi kupasua kwa kubahatisha. Huhitaji eksirei, ultrasaundi au skani impe picha ya mahali penyewe. Ipo hata mitambo inayotoa picha kwenye kioo huku upasuaji ukiendelea, ili mkono wa daktari uongozwe na macho yake. Soko la mitambo hiyo linazidi kupanuka katika Afrika Mashariki.

Wauzaji wakubwa ni wachache, na viwanda vyao vimo Marekani, Ujerumani, Uholanzi, Japani na China. Nchi za eneo hili ni wanunuzi. Kwa hiyo mwenye kuuza mtambo ndiye pia mwenye vipuri na mafundi, na mnunuzi asiyejihadhari hubaki mikononi mwake.

Kenya ilijaribu kuukata mnyororo huo. Mwezi Februari 2015, Serikali ya nchi hiyo ilitia sahihi mikataba ya miaka 7 ya kukodi vifaa badala ya kuvinunua. Vilikusudiwa hospitali 98: mbili katika kila moja ya kaunti 47, pamoja na nne za taifa. Makampuni yalipaswa kuleta mitambo, kuifunga, kuitengeneza na kuwafundisha watumishi.

Shabaha ilikuwa njema. Hata hivyo, baadhi ya hospitali zilipokea vifaa zikiwa hazina umeme wa kutosha, maji wala wataalamu. Kamati ya Seneti ilipotoa taarifa yake mwaka 2020, ilieleza habari za vifaa vilivyokaa bure. Wakati huohuo makato ya kila kaunti, yaliyoanza kwa shilingi za Kenya milioni 95 kwa mwaka, yalikwisha kupanda hadi milioni 200.

Hakuna askari asiyelielewa jambo hili. Gari la deraya lisilo na dereva, mafuta na vipuri ni chuma kitupu. Vivyo hivyo, nchi inayoingia katika soko hili yapasa ianze na fundi, umeme na chumba, ndipo itie sahihi mkataba. Kwa majeruhi aliyelala juu ya machela, mtambo usiowaka ni sawa na mtambo usiokuwapo.