Vidukari Katika Nyanya na Mboga: Kagua Kwanza, Nyunyiza Baadaye

Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa nyanya anapoona majani machanga yakijikunja na kunata, mara nyingi hukimbilia duka la pembejeo. Hununua kiuatilifu na kunyunyiza shamba zima, kisha baada ya wiki mbili huwakuta vidukari wamerejea, pengine wengi kuliko awali. Hali hiyo humpata mkulima wa Ilula mkoani Iringa, kunakolimwa nyanya kwa wingi, kama inavyompata mwananchi mwenye matuta machache ya mchicha nyuma ya nyumba yake. Sababu yake inajulikana, na njia za kuikabili zipo.

Vidukari, ambao baadhi ya wakulima huwaita wadudu mafuta, ni wadudu laini wenye urefu wa takribani milimita 1 hadi 4. Hukaa kwa makundi chini ya majani na kwenye machipukizi, wakifyonza utomvu wa mmea. Kwenye nyanya wengi wao ni wa kijani. Kwenye kunde ni weusi. Na kwenye kabichi na sukuma wiki ni wa kijivu, waliofunikwa na unga kama nta.

Nguvu ya mdudu huyu iko katika uzazi wake. Kidukari jike huweza kuzaa bila kupandwa na dume, tena huzaa watoto walio hai. Wakati wa joto, mtoto hukomaa na kuanza kuzaa baada ya takribani siku 7 hadi 10. Wanapojazana, huzaliwa wenye mabawa, ambao huruka kwenda kuanzisha makundi mapya katika mimea mingine.

Madhara yake

Mmea ulioshambuliwa hudumaa na majani yake hujikunja. Vidukari hutoa majimaji matamu yanayonata, ambayo huvuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi juu ya majani na matunda. Baya zaidi, vidukari hueneza magonjwa ya virusi, yakiwamo ya batobato ya matango, ambayo hushambulia pia nyanya. Baadhi ya virusi hivyo huambukizwa kwa mchomo wa sekunde chache tu, kabla sumu haijamuua mdudu. Mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya; ung'olewe na kuondolewa shambani mapema.

Kwa nini hurejea baada ya kunyunyiziwa

Katika bustani yoyote wamo wadudu rafiki wanaokula vidukari. Miongoni mwao ni wadudu kibibi, mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu au wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi, ambao kila mmoja huweza kula makumi ya vidukari kwa siku. Mabuu wao ni weusi, warefu na wenye mfano wa mamba mdogo. Kwa sura hiyo wakulima wengi huwadhania kuwa waharibifu na kuwaua. Wapo pia nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya kidukari. Kidukari aliyetagiwa huvimba, hukauka na kuwa wa rangi ya kahawia. Mkulima akiona miili ya namna hiyo, ajue kuwa kazi ya kuwapunguza imekwisha kuanza.

Kiuatilifu kinachoua kila mdudu huwamaliza rafiki hawa pamoja na adui. Vidukari wachache wanaobaki huzaliana haraka, ilhali wadudu rafiki huchukua muda mrefu zaidi kurejea. Hapo ndipo shamba hujaa upya.

Hatua za kuchukua

Kwanza, mkulima akague shamba walau mara mbili kwa wiki, akigeuza majani na kutazama upande wa chini. Kitalu kifunikwe kwa chandarua chenye matundu madogo, kwa kuwa miche michanga ndiyo huumizwa zaidi na virusi. Mbolea ya urea isizidishwe, maana majani laini yaliyojaa naitrojeni huwavutia vidukari.

Pili, wakionekana katika mimea michache, waminywe kwa vidole, machipukizi yaliyojaa yakatwe, au waangushwe kwa maji yenye msukumo pale ambapo mmea ni imara.

Tatu, wakiongezeka, itumike sabuni ya maji kwa kiasi cha kijiko kimoja hadi viwili vya chai kwa kila lita moja ya maji. Mwarobaini nao hufaa: gramu 50 za mbegu kavu zilizomenywa na kusagwa hulowekwa usiku kucha katika lita 1 ya maji, kisha huchujwa. Mchanganyiko ujaribiwe kwanza kwenye mimea michache kwa siku moja, kisha unyunyizwe jioni, chini ya majani, kwenye mimea iliyoshambuliwa pekee. Sabuni huua mdudu aliyeguswa tu, hivyo zoezi lirudiwe baada ya siku chache.

Nne, kiuatilifu cha viwandani kiwe hatua ya mwisho. Kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na kinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali. Utepe wa rangi kwenye kibandiko huonesha ukali wa sumu: nyekundu ni hatari zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. Kubadili jina la biashara pekee hakusaidii. Kinachopaswa kubadilishwa ni kundi la kiambato amilifu, kwa sababu vidukari hujenga usugu upesi.

Afya ya mlaji

Nyanya huchumwa mara nyingi katika msimu mmoja, na wengi huila mbichi katika kachumbari. Kwa hiyo idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, iliyoandikwa kwenye kibandiko, lazima iheshimiwe hata kama bei sokoni imepanda. Anayenyunyiza leo na kuchuma kesho hupeleka sumu mezani kwa mlaji, na mara nyingi meza ya kwanza ni ya familia yake mwenyewe.

Wananchi wanashauriwa kuwaona maofisa ugani wa kata au vijiji vyao kabla ya kununua kiuatilifu chochote, wakiwa na jani lililoshambuliwa ndani ya mfuko uliofungwa, ili mdudu atambuliwe kwanza na tiba sahihi ifuate.